Msimwite tasa ng'ombe aliyezaa

Mhariri,

Nakuomba nafasi katika ukurasa wa barua nimtetee ng'ombe. Mwezi huu pekee, hapa kwetu Utange na kwa majirani zetu wa Mwakirunge, nimelisikia neno "tasa" mara tatu, na kila mara limesemwa juu ya ng'ombe ambaye ndama wake yumo zizini humo humo akitafuna majani. Tasa ni asiyezaa. Huyu kazaa, tena maziwa yake tunayanywa. Utasa umemwingia lini? Nikiuliza hivyo hujibiwa, "Kizazi kimefunga, mama, hakuna la kungoja." Basi huitwa dalali, na mnyama aliyenunuliwa kwa akiba ya miaka huondoka kwa bei ya nyama.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu nami nimelitenda.

Marehemu mume wangu alifanya kazi bandarini Kilindini mpaka akastaafu, na pesa za kustaafu akazinunulia mitamba wawili, machotara wa Ayrshire na Sahiwal. Damu hiyo aliichagua makusudi. Ayrshire huleta maziwa. Sahiwal, ambaye asili yake ni Punjab, huleta mwili unaostahimili jua na kupe. Huku Pwani mchanganyiko huo si jambo geni, shamba la Kilifi Plantations limeufuga miaka na miaka. Mume wangu alipofariki, ng'ombe wale wakabaki mikononi mwangu. Mmoja ni Shani, nitamfikia. Wa pili alikuwa Tausi.

Tausi alizaa tarehe 3 Agosti 2023, ndama dume. Alifika lita 11 kwa siku, na maziwa yote yaliishia hapa hapa mtaani: kwa mama wa mahamri, kwa vibanda viwili vya chai, na kwa nyumba zenye watoto wachanga. Niliambiwa ningoje miezi miwili ndipo nimpandishe. Ikaisha miwili, ukaisha na wa tatu, sikuona dalili yoyote ya kutaka dume. Asubuhi ya tarehe 21 Novemba akalia sana, ute mwangavu kama wa yai ukamning'inia nyuma. Nikamwita bwana wa mbegu, yule anayepandikiza mbegu ya fahali kwa mrija, akaja jioni akampandikiza. Tarehe 12 Desemba akarudia kulia. Nikapiga simu alfajiri, nikaambiwa yuko mbali. Akaja tarehe 14, mkia umeshaingia damu. Akapandikiza hivyo hivyo, akapokea pesa zake, akaenda. Mwanzoni mwa Januari sikuona kitu. Tarehe 23 Januari 2024 Tausi akalia tena, akapandikizwa mara ya tatu.

Kisha kimya. Februari kimya, Machi kimya. Hapo ndipo nilipopotea. Kwa kuwa kimya cha Tausi nilikwisha kukizoea tangu alipozaa, hiki nacho nilikisoma vilevile: halii, hataki dume, basi kizazi kimekufa. Haikunijia kwamba kimya cha kabla ya mbegu na kimya cha baada ya mbegu havifanani. Aliyempandikiza hakurudi kumpima, nami sikujua kwamba nilipaswa kudai apimwe. Mtu mwingine akanishauri nimdunge Tausi sindano ya kumwamsha, ile ya prostaglandini. Sikuwa na pesa yake, na mpaka leo namshukuru Mungu kwa ule ufukara, maana dawa ile ng'ombe mwenye mimba changa humharibia mimba.

Tarehe 14 Aprili 2024, siku nne baada ya Idi, nikamuuza Tausi kwa mzee mmoja wa Kaloleni kwa shilingi 45,000. Tarehe 2 Novemba mzee akanipigia simu. "Mama, hujambo? Nakupa habari njema. Ng'ombe wako kazaa mtamba." Ni mzee muungwana, alidhani nitafurahi pamoja naye. Nikampa hongera, nikakata simu, nikaketi juu ya ndoo.

Jioni ile niliteremsha kalenda ukutani. Mimba ya ng'ombe huchukua siku 283 hivi, hupungua au kuzidi kidogo. Kutoka tarehe 2 Novemba nilihesabu nyuma siku 284 nikaangukia tarehe 23 Januari. Mtamba yule alitungwa zizini kwangu, kwa mbegu niliyoilipia mimi. Nilimuuza mama yake akiwa na mimba ya siku 82, nikamwita tasa mbele ya watu.

Sikuishia hapo. Nikaanza kurudi nyuma kwa hatua za siku 21, kwa kuwa huo ndio mwendo wa kawaida wa ng'ombe kutaka dume. Kutoka 23 Januari nikafika 2 Januari, kisha 12 Desemba, kisha 21 Novemba. Zimekaa barabara. Nikaendelea: 31 Oktoba, 10 Oktoba, 19 Septemba, 29 Agosti. Mzunguko wa ng'ombe huweza kuwa siku 18 au 24, kwa hiyo hizi za nyuma sitaziapia. Lakini 29 Agosti ni siku ya 26 baada ya kuzaa, na nilipomuuliza daktari wa mifugo alinijibu kwamba hapo hapo, kati ya wiki ya pili na ya nne, ndipo ng'ombe wengi wa maziwa wenye afya hutoa yai lao la kwanza. Huenda Tausi aliamka mapema kabisa, akawa anazunguka Septemba nzima na Oktoba nzima huku mimi nikimngoja aamke.

Daktari alinifahamisha kwamba baada ya kuzaa kuna vitu viwili vinavyorudi, kila kimoja kwa muda wake. Kifuko cha mayai huweza kurudi kazini upesi. Kizazi chenyewe hakina haraka: kilikuwa kimebeba ndama wa kilo 30 na maji yake, sasa lazima kinywee, kijisafishe, kijenge upya utando wa ndani, na kazi hiyo huchukua kama siku 40. Ndiyo sababu tunaambiwa tusipandishe kabla ya siku 50 au 60. Tunakingojea kizazi kipone. Wengi wetu tumeelewa kwamba miezi miwili hiyo ng'ombe amelala, kwa hiyo hatumwangalii, na tukianza kumwangalia tumekwisha kupitwa na mizunguko miwili ambayo ingetupa tarehe.

Tena yai la kwanza aghalabu hutoka kimya. Mwili bado haujapitia mzunguko mzima wa kuuandaa, kwa hiyo yai hutoka bila ng'ombe kulia wala kupanda wenzake. Mzunguko wa pili na wa tatu ndio huanza kusema, nao husema kwa ufupi: saa 12 mpaka 18 kwa ng'ombe aliye katika hali nzuri, na pengine chache zaidi kwenye joto letu. Dalili ya hakika ni ng'ombe kusimama tuli akipandwa na mwenzake. Sasa niambie, ng'ombe mmoja aliyefungwa peke yake katika banda la futi kumi atapandwa na nani? Kilichobaki ni ute, kulia, kupunguza maziwa siku moja, kutotulia. Na mengi ya hayo huku kwetu hutokea usiku, jua limepoa, wakati mwenye ng'ombe amelala na kijana wa kukata majani yuko kwao.

Mimi siku hizi huamka saa kumi za usiku. Kabla ya kutia udhu huchukua tochi nikaenda zizini, nikasimama kidogo bila kusema. Sitii chakula, maana ukitia chakula wote hugeukia hori na dalili hupotea. Hutazama mkia kama umekauka ute, mgongo kama una nywele zilizosuguliwa au tope la kwato za mwenzake. Dakika kumi. Baada ya Isha narudia. Nikiona dalili alfajiri, mbegu inatakiwa jioni ile. Nikiziona jioni, inatakiwa kesho asubuhi na mapema. Yai hutoka kama saa 28 au 30 tangu joto la ng'ombe, yaani kule kutaka dume, lianze, nalo haliishi muda mrefu, kwa hiyo mbegu iwe imeshafika kulingoja. Damu ikionekana mkiani, wakati umeshapita. Lipa nauli ya mtu aliyekuja, lakini usilipie mrija wa mbegu. Andika tarehe ile, uhesabu 21.

Kuna ng'ombe ambao kimya chao ni cha kweli, mayai hayatoki, na hapa ni lazima tujitazame tunavyowalisha. Ng'ombe akizaa, maziwa hupanda mbio mpaka wiki ya nne, ya sita, ya nane. Hamu ya kula haipandi mbio hivyo, hufika kileleni wiki kadhaa baadaye. Pengo lile analiziba kwa mafuta ya mwili wake mwenyewe. Unamkamua nyama yake. Akikonda sana, ubongo hupunguza amri zinazopelekwa kwenye kifuko cha mayai, na mayai hubaki machanga. Hapa Kisauni nimeona ng'ombe aliyetoka kuzaa akilishwa majani makavu ya kando ya barabara na maganda ya ndizi ya Kongowea, basi, halafu mwenyewe analalamika kwamba hashiki mimba. Maganda ya ndizi siyakatai, nami huyanunua kwa gunia. Lakini hayo ni ya kujaza tumbo. Majani ya nepia yaliyokatwa yakiwa bado laini, lusina au majani mengine ya jamii ya kunde, pumba, mashudu, machicha ya nazi kwa kiasi, chumvi ya madini na maji yasiyokatika: hivyo ndivyo vinavyorudisha mayai. Na kazi huanza kabla ya kuzaa, ile miezi miwili unapomkausha maziwa. Ng'ombe anayezaa akiwa mifupa mitupu ameshachelewa, na anayezaa akiwa amenona kupita kiasi naye hukataa kula na kukonda vibaya.

Kwa wanaoacha ndama anyonye kutwa kucha, hasa kwa ng'ombe wa kienyeji na machotara wenye damu nyingi ya kienyeji, kunyonyesha kwenyewe huchelewesha mayai. Sisemi ndama anyimwe. Anyonye kwa saa zake, asilale na mama yake.

Halafu joto. Mhariri, wewe unaijua Mombasa ya Februari na Machi, kaskazi inapoishilizia na upepo unakufa, hata sisi wenye feni hatulali. Friesian aliyeletwa kutoka bara amesimama chini ya bati lililoshuka mpaka karibu na pembe zake. Anahema ulimi nje, hali, anakunywa tu. Hata akitoa yai na kupandikizwa vizuri, mimba changa ya siku za mwanzo haistahimili mwili uliopata moto namna ile, hufa kabla hata hujaanza kuhesabu. Mwenye ng'ombe ataona amerudia baada ya siku 21 na atailaumu mbegu. Dawa iliyo karibu nasi ni makuti. Babu zetu hawakuwa wajinga kuezeka kwa makuti. Mwezi wa Desemba 2023, kwa ushauri wa fundi mmoja aliyekuja kuziba bati linalovuja, niliweka makuti juu ya bati lile na kuacha upande wa baharini wazi upepo uingie. Sasa najiuliza kama si makuti yale yaliyoilinda mimba ya Tausi ya Januari. Chakula kingi pia nakitia jioni na usiku, maana usagaji wa tumbo nao una joto lake, na mchana nawamwagia maji mgongoni.

La kondo la nyuma nitalisema kwa ufupi ingawa linaniumiza. Likikawia kutoka, usilivute, wala usilifungie jiwe lilivute kwa uzito wake kama nilivyowahi kuona. Likipita saa 24 mwite daktari. Kuvuta huchana kizazi kwa ndani na kuacha mabaki yanayooza, na uchafu wenye harufu ukiendelea wiki tatu baada ya kuzaa, hapo hata ulete mbegu ya fahali gani haitashika mpaka ng'ombe atibiwe. Na anayelishughulikia kondo avae glovu. Ng'ombe anayetupa mimba na kuzuia kondo anaweza kuwa na ugonjwa wa kutupa mimba, bruselosi, nao huambukiza watu.

Sasa Shani. Alizaa tarehe 6 Juni 2025, kusi ikivuma, na safari hii nilikuwa na daftari. Tarehe 17 Julai, siku ya 41, saa kumi za usiku nilimkuta amesimama na mtamba wa jirani, tuliyemkubalia alale kwetu, yuko juu ya mgongo wake. Sikupiga simu. Niliandika, nikahesabu: 7 Agosti. Ilipofika tarehe 5 nikampigia bwana wa mbegu mwingine, kijana mtaratibu, nikamwambia asiende mbali keshokutwa. Tarehe 7, siku ya 62, alfajiri Shani analia. Jioni akapandikizwa. Tarehe 28 nililala mlangoni kwa zizi usiku mzima, sikuona kitu, na safari hii kimya kilinipa matumaini. Tarehe 12 Oktoba daktari akaja, akaingiza mkono, akasema, "Mama, ipo." Siku 66. Kama Mungu akipenda tutapata ndama katikati ya Mei 2026, mwaka mmoja bila wiki tatu tangu alipozaa. Kwa Tausi pengo lile lilikuwa siku 457. Hesabu mwenyewe miezi mitatu ya maziwa iliyopotea, lita moja ikiwa shilingi 100.

Sitaki lawama zote ziangukie wafugaji. Kituo cha mbegu cha Kabete kimekuwapo tangu 1946, mafahali wazuri wapo, mbegu zipo kwenye mitungi ya naitrojeni. Tangu 2013 kilimo na mifugo viko chini ya kaunti. Mbegu isipofika zizini ndani ya saa zake ni kama haipo. Ng'ombe hachagui siku ya kazi. Joto humjia Jumapili, humjia siku ya Idi na ya Krismasi, na simu ya bwana wa mbegu siku hizo huita mpaka inakatika. Naiomba idara ya mifugo ya kaunti yetu ipange zamu, awepo mtu mmoja wa kupokea simu kila siku, upande wa Kisauni na upande wa Likoni, maana kuvuka feri na mtungi foleni ikiwa ndefu ni saa nzima. Na kila anayepandikiza aache kadi: tarehe na saa, jina la fahali, tarehe ya kumtazama baada ya siku 21, na tarehe ya kurudi kumpima mimba. Kumpima kuhesabiwe ndani ya bei tangu mwanzo. Mimi ningelipa zaidi. Ningelipa mara tano zaidi kuliko kumpoteza Tausi.

Nawe Mhariri nina ombi kwako. Kila mwezi unachapa kalenda ya mechi za kandanda. Chapa pia, hata mara moja kwa mwaka, jedwali dogo la siku 21 na siku 283, mtu alikate alibandike zizini. Wengi wa wanaofuga mjini ni wanawake kama mimi, gazeti tunafungia vitu, tutaliona.

Nimeandika barua hii leo kwa sababu ya jirani yangu wa nyumba ya tatu. Ng'ombe wake mweusi alizaa mwezi wa Ramadhani, alipandikizwa mara moja, na tangu hapo kimya. Nimemuuliza alipandikizwa lini, akasema labda baada ya kusi kupoa. Nimemuuliza kama amepimwa, akatikisa kichwa. Dalali anakuja Ijumaa na gari. Nimemsihi amwahirishe, daktari nitamlipa mimi.

Mama Rukia,
Utange, Mombasa